James Ruse: mfungwa aliyepewa ekari 30 na serikali isiyokuwa na ardhi

Katika makaburi ya Kikatoliki ya Campbelltown, kusini-magharibi mwa jiji la Sydney, amezikwa mzee aliyefariki mwaka 1837. Inaelezwa kwamba jiwe la kaburi lake alilichonga mwenyewe, na ukiyaona maandishi yake huna sababu ya kubisha. Herufi zinakosewa karibu kila mstari, kazi ya mtu ambaye mkono wake ulizoea jembe kuliko kalamu. Anasema mama yake alimlea kwa upole na kwa taabu nyingi, na kwamba alipofika katika koloni hili ni yeye aliyepanda nafaka za kwanza.

Huyo ni James Ruse. Watoto wa Australia humsoma darasani, na Sydney ina shule ya sekondari ya kilimo yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1959. Habari zake husimuliwa kwa wepesi: aliiba, akahukumiwa, akavushwa bahari, akapewa shamba, akatoa jasho, akafanikiwa. Hakuna uongo katika maelezo hayo. Ila yanaruka mambo mawili yanayobadilisha kila kitu. La kwanza ni kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya serikali ya Uingereza kuigawa. La pili ni kwamba mkulima huyu wa mfano hakukaa na shamba lake la kwanza hata miaka minne, na alipozeeka alikuwa akisimamia shamba la mtu mwingine. Ili kuelewa ilikuwaje, inabidi turudi nyuma hadi kwenye hukumu yake.

Saa mbili za fedha

Ruse alizaliwa mwaka 1759 Launceston, katika jimbo la Cornwall, akakulia kwenye kazi za shamba. Julai 1782 mahakama iliyoketi Bodmin ilimtia hatiani kwa kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha zenye thamani ya pauni 5, pamoja na vitu vingine vya thamani ndogo. Adhabu iliyotamkwa ilikuwa kifo.

Leo tunaona ni ukatili kumnyonga mtu kwa saa mbili, na ulikuwa ukatili kweli. Lakini sheria ya Uingereza wakati huo ilifanya kazi kwa namna yake. Makosa mengi mno ya mali yalikuwa na adhabu ya kifo kwenye vitabu, kisha majaji wakawapunguzia adhabu wengi wa waliohukumiwa, kwa jina la huruma ya mfalme. Anayepunguziwa alipaswa kupelekwa mahali fulani. Kuanzia mwaka 1718 mahali hapo palikuwa Amerika, ambako wafungwa wapatao 50,000 walisafirishwa, na nguvu zao za kazi zikauzwa kwa wenye mashamba, hasa Virginia na Maryland. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza mwaka 1775, mlango huo ulifungwa ghafla. Magereza yakafurika. Mwaka 1776 Bunge likaruhusu wafungwa wawekwe kwa muda ndani ya meli kuukuu zilizotiwa nanga kwenye mito na bandari. Muda huo uligeuka kuwa miongo.

Ruse alipopunguziwa adhabu, alipewa miaka saba ya uhamisho, na mahali palipotajwa palikuwa Afrika. Jambo hili hupitwa haraka katika vitabu vingi, na sioni kwa nini. Baada ya kuipoteza Amerika, Uingereza iliitazama Afrika kama jalala la wafungwa wake. Wako waliopelekwa kwenye ngome zake za pwani ya Ghana ya leo wakiwa askari; wengi waliuawa na homa, wengine wakatoroka. Ulikuwepo mpango wa kuwatupa wafungwa kwenye kisiwa kilicho ndani kabisa ya mto Gambia na kuwaacha wajitawale wenyewe humo. Mwaka 1786 meli ya kivita Nautilus ilitumwa kukagua pwani ya kusini-magharibi ya bara letu, upande wa Namibia ya leo, ikarudi na taarifa kwamba ni ukame mtupu. Hapo ndipo serikali ilipoamua juu ya Botany Bay, pwani ya mashariki ya Australia, ambayo James Cook aliiona mwaka 1770. Kama taarifa ya Nautilus ingekuwa nyingine, huenda tungemsoma Ruse kama mlowezi wa Afrika.

Maamuzi hayo yote yalipokuwa yakifanywa, Ruse alikaa karibu miaka mitano ndani ya Dunkirk, meli-gereza iliyokuwa Plymouth. Tarehe 13 Mei 1787 msafara wa meli 11 uling'oa nanga Portsmouth, yeye akiwa ndani ya Scarborough. Walipitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, wakafika Januari 1788. Kuna masimulizi kwamba Ruse alikuwa wa kwanza kukanyaga nchi kavu, akiwa amembeba mgongoni Luteni George Johnston asilowe miguu. Wapo wanaodai heshima hiyo kwa watu wengine, na kwa maoni yangu haina uzito. Lenye uzito ni hesabu ya miaka: saba kuanzia Julai 1782 inaisha Julai 1789. Ruse alifika Australia akiwa amebakiza mwaka mmoja na nusu tu wa kifungo chake.

Koloni lililokosa chakula

Gavana Arthur Phillip aliteremsha watu zaidi ya 1,000 kwenye ghuba ya Sydney, mahali pazuri kwa meli na pabaya kwa mazao. Udongo ni mchanga mwembamba uliolala juu ya mwamba. Mbegu nyingi zilikuwa zimeharibiwa na joto la safari na fukusi, hazikuota. Plau hazikuwepo, na miongoni mwa wafungwa wakulima wa kweli walikuwa wachache. Kisha ng'ombe wachache walionunuliwa Cape Town wakaachwa walishwe na mchungaji mzembe katikati ya mwaka 1788, wakapotelea msituni. Walikuja kuonekana tena mwaka 1795, wakiwa kundi la zaidi ya 60, wamezaliana wenyewe kwenye nyasi nzuri za kusini-magharibi. Koloni zima lililia njaa wakati nyama na samadi vikitembea siku chache tu kutoka pale.

Novemba 1788 Phillip alifungua makazi ya pili, Rose Hill, kilomita zipatazo 25 ndani ya nchi, mahali panapoitwa sasa Parramatta. Huko udongo ni wa mfinyanzi na una nguvu kidogo. Shamba la serikali likaanzishwa, wafungwa wakapangwa kwa makundi. Tatizo la mpango huo mkulima yeyote analijua. Anayelima sana na anayekwaruza juu juu wote walipata posho ileile jioni, kutoka ghala lilelile. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulizamisha jembe.

Mwezi Desemba 1789 meli ya Guardian iliyoleta chakula iligonga mlima wa barafu baharini. Machi 1790 Sirius, meli kubwa ya koloni, ilivunjikia kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Mwezi uliofuata posho ilikatwa tena, kwa wafungwa na kwa maofisa pia.

Kabla ya misiba hiyo miwili, lakini chakula kikiwa tayari haba, Ruse alikwenda kwa gavana mwaka 1789 kusema kwamba kifungo chake kimekwisha na anataka ardhi. Alisema kweli, lakini hakuwa na cha kuonyesha. Hati za hukumu za wafungwa zilikuwa zimeachwa Uingereza, na Phillip hakuwa na njia ya kuthibitisha wala kukanusha. Maagizo aliyotoka nayo London yalimruhusu kuwaachia huru wafungwa wenye mwenendo mzuri na kuwagawia ardhi: ekari 30 kwa mwanamume asiyeoa, 20 zaidi akiwa na mke, na 10 kwa kila mtoto, pamoja na zana, mbegu na chakula cha kuanzia. Phillip hakutoa hati yoyote. Alimpeleka Ruse Rose Hill mwezi Novemba 1789, akampa sehemu ndogo iliyokwisha kusafishwa, watu wa kumsaidia kufyeka zaidi, kibanda, majembe, mbegu, nguruwe jike wawili na kuku sita.

Watu huiita hatua hiyo zawadi, wakati lilikuwa jaribio. Swali la Phillip lilikuwa la ghala: mtu mmoja mwenye bidii, akipewa kianzio, atachukua muda gani kabla ya kuacha kula chakula cha serikali? Jibu lake lingeamua kama koloni linaweza kuishi. Hata jina lililobaki mahali pale, Experiment Farm, linasema hivyo waziwazi.

Jinsi alivyolima

Novemba 1790 Watkin Tench, ofisa wa askari wa majini, alimtembelea Ruse shambani na kuyaandika maelezo yake. Nimeyasoma mara nyingi na kila mara nafurahi, kwa sababu ni nadra sana mfungwa wa karne ya 18 kusikika akieleza kazi yake kwa sauti yake mwenyewe, na anaieleza kama fundi.

Alikata miti, akachoma magogo yaliyolala, akauchimbia majivu udongoni. Kisha akalima kwa jembe la mkono, kipande kisichozidi mita za mraba 200 hivi kwa siku, ili kilimike sawasawa, tofauti, alisema mwenyewe, na shamba la serikali lililokwaruzwa tu. Akavunjavunja mabonge, akazika nyasi na magugu yaozee humo. Aliona kwamba kazi hiyo inakaribia kulingana na ya plau. Baada ya hapo aliuacha udongo wazi upigwe na jua na hewa kwa muda wote aliomudu, na alipokaribia kupanda akaupindua upya.

Alikuwa na ekari moja na nusu ya ngano, nusu ekari ya mahindi, na bustani ndogo ya mboga. Ngano aliisia kwa mkono, kiasi cha kilo 80 za mbegu, sehemu mwezi Mei na sehemu Juni. Akaona kwamba ile ya Mei imestawi zaidi. Mahindi aliyapanda mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, akakiri hayajui, kwani Cornwall hayakulimwa. Alitarajia kuvuna ngano mara nne au zaidi kidogo ya mbegu aliyotumia. Hayo ni mavuno hafifu, na mkulima wa kwao Cornwall asingeridhika nayo. Alipanga baada ya mavuno kupanda tanipu kulainisha ardhi, na kuyafukia mabua mashimoni pamoja na kila kinachooza ili apate mboji.

Aliulizwa kuhusu udongo wa shamba lake. Alijibu kwamba ni wa wastani, si mzuri wala mbaya. Kwa mbolea atauwezesha, lakini bila ng'ombe utachoka. Shikilia jibu hilo, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya yaliyompata baadaye. Lililomsumbua kuliko yote lilikuwa wezi. Wafungwa wenzake walimwibia karibu kila usiku, njaa ikiwa imewakaba.

Hakuwa peke yake. Septemba 1790 alikuwa amemuoa Elizabeth Perry, mfungwa aliyefika Juni mwaka huo na meli ya wanawake ya Lady Juliana. Mfungwa mwanamume ambaye gavana alimpa kwa muda alikuwa amekwisha kuondolewa, na Ruse alimwambia Tench kwamba msaidizi wake ni mkewe tu, na kwamba ni mchapakazi. Elizabeth huyu ndiye anayetajwa kuwa mwanamke mfungwa wa kwanza kuachiwa huru katika koloni hilo. Masimulizi humsahau, lakini ekari zile zililimwa na mikono minne.

Februari 1791 Ruse alitangaza kwamba hahitaji tena posho ya serikali. Swali la Phillip lilipata jibu: miezi kumi na tano. Desemba ya mwaka huo Tench alirudi akakuta ekari kumi na moja na nusu zinalimwa, nyumba ya matofali aliyojengewa kwa amri ya gavana, nguruwe jike wanne na kuku 30. Ekari nyingine zaidi zilikuwa zikifyekwa na wafungwa katika muda wao wa mapumziko, kwa makubaliano kwamba mazao ya mwaka wa kwanza yawe yao. Asiyekuwa na fedha ya kulipa vibarua alipata nguvu kazi kwa kutoa zao ambalo bado halijaota. Ni akili ya mtu aliyeielewa ardhi na aliyeelewa njaa ya jirani.

Je, nafaka za kwanza zilikuwa zake kama jiwe linavyosema? Yeye mwenyewe alimwambia Tench kwamba mbegu yake ya ngano ilivunwa nchini humo, kwa hiyo kulikuwa na aliyetangulia kupanda, nalo ni shamba la serikali. Haki yake ni nyingine, na inatosha: alikuwa wa kwanza kulima kwa ajili yake mwenyewe na kujilisha bila ghala. Kuhusu chakula kutoka ardhi ile kwa ujumla, watu walikuwa wakikipata kwa maelfu ya miaka, na hao ndio tunaowaendea sasa.

Ekari 30 za nani?

Mambo ya kifungo yalipothibitika, Ruse alipewa ekari 30 kwa hati. Hati hiyo ni ya Februari 1792, nayo inahesabiwa kuwa ya kwanza kutolewa kwa mlowezi katika koloni. Masharti yalikuwa kuishi pale, kulima, na kuiachia serikali miti inayofaa kwa meli za kivita. Kodi ya ardhi ingeanza baada ya miaka kumi.

Mtoaji wa hati hiyo alikuwa Mfalme George III, kupitia gavana wake. Mfalme aliipataje? Cook alipotumwa, maagizo yake yalisema achukue maeneo kwa ridhaa ya wenyeji. Mwaka 1770 aliitangaza pwani yote ya mashariki kuwa ya mfalme bila ridhaa ya yeyote. Phillip alipofika hapakuwa na mkataba wala malipo. Sheria ya Uingereza iliendelea kana kwamba nchi ile haikuwa na mwenye haki juu ya ardhi, mpaka Mahakama Kuu ya Australia ilipoikataa dhana hiyo mwaka 1992, katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake kutoka visiwa vya Torres Strait. Msomaji wa Kenya anaifahamu njia hii, maana Taji lilelile liliitangaza ardhi ya nyanda za juu kuwa yake mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likaikodisha kwa walowezi.

Rose Hill ilikuwa nchi ya Waburramattagal, ukoo wa watu wa Darug. Waliishi kwa mto, samaki, mikunga na viazi vya porini, wakichoma nyasi kwa mpangilio ili wanyama wavutwe na machipukizi. Aprili 1789 ndui iliingia kati ya watu wa Sydney na jirani zake. Phillip mwenyewe alikadiria kwamba iliua nusu ya wenyeji wa eneo hilo. Miili ilikutwa mapangoni na kando ya maji, koo nyingine zikabaki na watu wachache tu. Ruse alipelekwa Rose Hill miezi saba baadaye. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Parramatta mwenyeji hakupona, na wageni walisema nchi ni tupu.

Haikuwa tupu, na wenyewe walisema. Mwaka 1790 mzee wa Burramattagal aitwaye Maugoran alimweleza gavana kwamba watu wake wamekasirishwa na wingi wa wageni waliokaa katika nchi yao. Taarifa ilipokelewa na kuandikwa. Kesho yake kikosi cha askari wa Rose Hill kiliongezwa. Huo ndio ulikuwa mjadala wote wa ardhi, na shamba la Ruse lilikuwa sehemu ya jambo lililolalamikiwa.

Kumtaja Ruse kuwa mnyang'anyi na kuishia hapo ni rahisi, na mimi siridhiki nako. Yeye mwenyewe aling'olewa kwao kwa nguvu, na hakuwa na meli ya kurudia. Lakini huruma kwa mfungwa haibadilishi chanzo cha ekari zake. Serikali iliwatumia watu iliowatupa kuwasukuma watu isiotaka kuwaona, na kila upande ulilipa kwa namna yake.

Mto Hawkesbury

Oktoba 1793 Ruse aliuza Experiment Farm kwa John Harris, daktari wa kikosi cha jeshi la New South Wales, ndilo jina la koloni hilo, kwa pauni 40.

Kwa nini mtu aliyefanikiwa auze? Udongo ule wa wastani alioutabiria kuchoka bila ng'ombe ulikuwa umelimwa mfululizo bila samadi. Pia mazingira yalikuwa yamebadilika. Phillip aliondoka Desemba 1792, na madaraka yakashikwa na maofisa wa jeshi. Maofisa hao walijigawia ardhi, wakajipa wafungwa wa kuilima huku serikali ikiendelea kuwalisha wafungwa hao, na wakakamata biashara ya bidhaa kutoka kila meli iliyotia nanga, hasa ramu. Mkulima mdogo alikuwa na mnunuzi mmoja wa nafaka wa kutegemewa, ghala la serikali, na kwenye mlango wa ghala ofisa na rafiki zake walitangulia. Alichohitaji, iwe nguo, chai au jembe, alikinunua kwa bei waliyopanga wao, kwa mkopo, akalipa kwa zao la msimu ujao. Zao likikosekana, kilichobaki cha kulipia kilikuwa shamba.

Januari 1794 Ruse alikuwa kati ya walowezi 22 wa kwanza kupelekwa kwenye kingo za mto Hawkesbury, kaskazini-magharibi, akapewa ekari 30 nyingine karibu na mahali kijito cha South Creek kinapoingia mtoni. Udongo wa huko ni tope jeusi lililoletwa na mto, na mahindi yaliota kwa namna ambayo Parramatta haikuwahi kuona. Ndani ya miaka michache bonde hilo ndilo lililokuwa likiilisha Sydney.

Lakini tope hilo lilifika pale kwa mafuriko. Mto Hawkesbury hukusanya maji kutoka milimani na kupanda kwa kasi ya kutisha. Mafuriko makubwa ya 1799, 1801, 1806 na 1809 yalizoa nafaka, mifugo, nyumba na watu. Mlowezi mwenye ekari 30 kando ya maji hana shamba la pili juu kilimani la kukimbilia. Msimu mmoja humrudisha kwa mdai wake.

Na kwenye kingo zilezile palikuwa na viazi vikuu vya Wadarug, chakula chao cha msingi. Walowezi waliving'oa ili wapande mahindi. Wenye nchi walipokuja kuvuna mahindi yaliyoota mahali pa viazi vyao, waliitwa wezi na kupigwa risasi. Mwaka 1794 ilifika taarifa Sydney kwamba walowezi wa huko walimkamata mtoto wa kiume wa wenyeji, wakamburuta juu ya moto, wakamtupa mtoni na kumpiga risasi, hakuna aliyeadhibiwa. Wadarug nao walichoma mashamba na kuua walowezi. Mwaka 1795 jeshi lilitumwa Hawkesbury kwa amri ya kuwaua, na lilifanya hivyo usiku. Upande wa Parramatta mapambano yaliongozwa na Pemulwuy, hadi alipouawa mwaka 1802.

Ruse alipewa ardhi zaidi Hawkesbury mwaka 1797, kisha akazama kwenye madeni. Baadaye alipewa ekari 100 Bankstown, na mwaka 1819 ekari 100 nyingine Riverstone. Ukizijumlisha kwenye karatasi zinaonekana kama utajiri. Maishani zilikuwa ardhi za kupokea na kuachia, kwa sababu alipewa ardhi mara kwa mara bila kupewa kile alichosema tangu 1790 kwamba bila hicho ardhi haisimami.

Sensa ya mwaka 1828 inamkuta Lower Minto, karibu na Campbelltown, akiwa na miaka 69 hivi. Kazi yake ni mnyapara katika shamba la Kapteni Brooks. Minto haiko mbali na zile mbuga ambako ng'ombe wa Cape Town walipotea na kuongezeka. Elizabeth alifariki mwaka 1836, na mwaka huohuo Ruse aliingia Ukatoliki. Alimfuata mkewe mwaka 1837.

John Harris, aliyenunua lile shamba la kwanza, alikuwa na mshahara wa jeshi, wafungwa wa kumlimia, na uwezo wa kungoja mwaka mbaya upite. Hakuwa na ujuzi wa kilimo wa kumzidi mtu wa Cornwall. Alinunua, akapewa, akanunua tena, na eneo la Ultimo katikati ya Sydney ya leo lilikuwa milki yake. Kwenye ekari zile 30 za Parramatta alijenga nyumba yenye veranda ambayo ipo hadi sasa na hutembelewa na wageni. Alifariki mwaka 1838, miezi michache tu baada ya Ruse, na shamba la majaribio lilikuwa bado lake.